Niliacha kazi kumuuguza mama, sasa benki wananikatalia mkopo. Je, nimechafua jina?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 34, naishi Buzuruga hapa Mwanza. Nilifanya kazi miaka sita kwenye kiwanda cha samaki upande wa hesabu. Mwaka 2022 mama alipata kiharusi, akalazwa Bugando, alipotoka hakukuwa na wa kukaa naye nikaacha kazi. Nimekaa nyumbani kama miaka miwili na nusu, nilikuwa nauza dagaa kidogo kidogo na bado mdogo wangu anaendelea nayo. Sasa nina miezi minne kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mkataba wa mwaka mmoja, mshahara 600,000. Nimeomba milioni 6 nianze kuuza samaki wa friza, afisa akaniambia "kazi yako bado changa halafu una historia". Nikikumbuka, nilipoacha kazi nilikuwa na mkopo wa mshahara, nikaumaliza kwa kusuasua, na kuna ka mkopo ka simu 38,000 sikumbuki kama nilimaliza. Kukaa nyumbani kumeniharibia? Nitakopesheka tena?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kuuguza. Mgonjwa wa kiharusi si kazi ya saa nane, najua, kumgeuza usiku, kumlisha, kumpeleka kliniki, na hakuna anayekupa slipu ya mshahara kwa hiyo kazi. Nimekaa upande wa pili wa meza kama afisa mikopo miaka 11 hapa hapa Mwanza na nimeona wanawake wengi sana wanakuja na hofu kama yako, wanaona kama kuna mahali kompyuta imeandika "huyu alikaa nyumbani". Hakuna kitu kama hicho, naomba uanze kwa kulitoa hilo kichwani.

Iko hivi. Benki zinapeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata iliyo chini ya Benki Kuu, halafu kuna kampuni zenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, zinazotengeneza ripoti ya mkopaji. Ukiomba mkopo, afisa anaingiza namba yako ya NIDA, ripoti inatoka. Ile ripoti inasema ulikopa wapi, kiasi gani, ulichelewa siku ngapi, unadaiwa nini mpaka leo, na ni nani wengine wameulizia jina lako. Kukaa bila ajira hakupunguzi kitu pale, ila kutolipa wakati umekaa bila ajira ndiko kunakopunguza. Hivi vitu viwili watu wanavichanganya kila siku kwa sababu kwenye maisha vinakuja pamoja, mshahara unakata leo na rejesho la mwisho wa mwezi linakukuta mikono mitupu.

Kwa hiyo afisa aliposema "una historia" hakuwa anamzungumzia mama yako wala miaka yako ya nyumbani, alikuwa anaangalia ule mkopo wa mshahara. Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa unaingia kwenye kundi la mikopo chechefu, yaani iliyokwama kulipwa, na wewe umesema ulisuasua, basi ni rahisi kabisa kwamba ulivuka hizo siku. Kulipa umelipa, na hilo lina uzito mkubwa kuliko unavyofikiri, aliyechelewa akamaliza si sawa na aliyetokomea. Ila kuna jambo moja nataka ulifuatilie kwa miguu yako mwenyewe, usimtume mtu. Nenda kwenye tawi ulilokopa, omba barua ya kumaliza deni, halafu omba nakala ya ripoti yako ya mikopo uone imeandikwaje. Nimeshakutana na watu wamemaliza deni muda mrefu tu lakini ripoti bado inaonyesha wanadaiwa laki tatu, kwa sababu kuna mtu sehemu fulani hakubadilisha taarifa. Ripoti yako ni haki yako kuiona, na kosa likiwepo ni haki yako kulalamika likarekebishwa. Bila ile barua mkononi utabishana mpaka jua lizame.

Na hiyo 38,000 ya simu usiidharau hata kidogo. Watu wanadhani mkopo wa simu ni kama kukopa sukari kwa jirani, kumbe nyuma ya ule ujumbe kuna benki, na benki inapeleka taarifa zako kama za mkopo wa milioni 20. Afisa akiona mtu amemaliza mkopo wa milioni lakini ana 38,000 imelala miaka miwili haoni shilingi elfu thelathini na nane, anaona mtu anayesahau madeni. Ilipe leo, na riba yake yoyote iliyojaa, upige picha ule ujumbe wa uthibitisho uuhifadhi.

Sasa twende kwenye "kazi changa", maana hapa ndipo naona ulikataliwa kweli na hakuna aliyekuelezea vizuri, jambo linaloniuma kwa sababu kueleza hakugharimu chochote. Mkopo wa mshahara unategemea mshahara, na mshahara wako una tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye mkataba. Umebakiza miezi minane. Benki ikikukopesha inataka deni liishe ndani ya mkataba, sasa chukua milioni 6 ugawe kwa miezi 8, ni 750,000 kila mwezi hata riba hujaigusa, na wewe mshahara wako 600,000. Hapo hata angekuwa shangazi yako amekaa kwenye ile meza asingeweza kupitisha. Lakini tazama upande wa pili. Mshahara wa 600,000 ukitoa NSSF na kodi unabaki na 516,000. Kama ungekuwa na ajira ya kudumu, milioni 6 hiyo hiyo kwa miaka mitatu kwa riba, tuseme, ya asilimia 17 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye salio, yaani kwenye deni lililobaki tu, rejesho ni kama 214,000. Hata ukitumia ule utaratibu wa watumishi wa umma kwamba theluthi moja ya mshahara lazima ibaki, ambao na benki nyingi wanaufuata kwa watu wa sekta binafsi, bado unapita. Umeona? Kilichokukwamisha ni karatasi ya miezi kumi na mbili, kukopesheka unakopesheka.

Halafu kuna miezi sita. Benki nyingi wanataka uwe umekaa kazini angalau miezi sita, wengine wanataka uwe umethibitishwa, na siyo kwamba wameitoa hewani hiyo namba. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, zile kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali hazimhusu mfanyakazi aliye chini ya miezi sita. Maana yake bosi wako leo anaweza kukuaga kirahisi, na benki inalijua hilo. Wewe una minne. Kwa hiyo usirudi kuomba kesho wala wiki ijayo, na usizunguke benki tano kujaribu bahati, kwa sababu kila anayeulizia jina lako anaacha alama kwenye ripoti, na afisa wa benki ya sita akiona wenzake watano wameulizia ndani ya mwezi mmoja na hakuna aliyetoa, anajiuliza wameona nini.

Nikueleze kisa kimoja maana ndicho kilichonibadilisha mimi mwenyewe kwenye hii kazi. Alikuja mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, hana akaunti yenye maana, ana daftari tu, lile la kaunta, jalada limelowa maji likakauka likawa gumu kama mbao, ukilifungua linanuka dagaa. Nikapitia kurasa. Naona tarehe 3 magunia manne, tarehe 4 sita, tarehe 5 matatu, halafu ghafla kama siku nane mpaka kumi mfululizo hakuna kitu, kweupe. Mwezi unaofuata hivyo hivyo, na unaofuata tena. Nikamwambia mama biashara yako haina mtiririko, siwezi kuipeleka kwenye kamati. Akaniangalia kama mtu anayemshangaa mtoto, akasema "mwanangu, hizo ni siku za mbalamwezi". Nilizaliwa Mwanza, nimekula dagaa tangu sijaota meno, na nilikuwa sijawahi kuunganisha. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa mwanga wa taa hauwavuti, mitumbwi inapumzika, mwalo unapoa, kisha giza likirudi na kazi inarudi. Lile daftari lilikuwa sahihi kuliko taarifa nyingi za benki nilizowahi kuona, kila tupu lina sababu na kila tupu linaisha kwa wakati wake. Nilimkatalia siku ile kwa kutojua, akarudi baada ya wiki na tukaandika vizuri sababu ya zile siku, kamati wakapitisha.

Na wewe fanya hivyo hivyo. Miaka yako miwili na nusu ikiachwa kweupe kwenye fomu, anayesoma atajaza mwenyewe, na watu wakijaza wenyewe wanajaza mabaya, atafikiri ulifukuzwa, uliiba, ulihama na deni. Andika barua fupi ukurasa mmoja. Tarehe uliyoanza kiwandani na uliyoacha, uliacha kwa kumuuguza mama, ambatanisha nakala ya karatasi ya kuruhusiwa hospitali (ugonjwa wake wote huhitaji kuuanika, tarehe na jina vinatosha), barua ya serikali ya mtaa inayosema unaishi hapo, barua ya mwajiri wa zamani kwamba uliondoka kwa amani kama unaweza kuipata, halafu sema sasa nani anakaa na mama wakati wewe uko kazini. Hili la mwisho watu wanalisahau kabisa na ndilo swali afisa analo kichwani ila anaona haya kuuliza, je huyu hatoacha tena? Ukimwambia mdogo wangu yuko nyumbani mpaka saa kumi na binti wa shangazi anakuja jioni, umemjibu.

Usije ukadanganya tarehe. Najua kuna wanaokushauri utafute barua ya kazi ya kupika ionyeshe ulikuwa unafanya kazi mahali muda wote. Michango yako ya NSSF inaonyesha mwezi kwa mwezi nani alikuchangia na lini ilikata, benki wakitaka taarifa ya michango wanaona pengo lote, na hapo unatoka kuwa mtu aliyemuuguza mama yake unakuwa mtu mwenye nyaraka za kughushi, hiyo ni kesi.

Kitu kingine ambacho hukukipa uzito kwenye swali lako ni dagaa. Umesema "kidogo kidogo" kama unaomba radhi, lakini mtu aliyeuza dagaa miaka miwili na nusu akalisha nyumba, akanunua dawa na akamaliza deni la benki, huyo ana biashara. Shida ni kwamba hela ilipita mkononi bila kuacha alama, umenunua kwa keshi, umeuza kwa keshi, imeishia kwenye mkoba. Kuanzia wiki hii fungua lipa namba, wateja wa mdogo wako walipe hapo, na wale wanaolipa keshi basi jioni peleka kwa wakala uweke kwenye akaunti, hata elfu 15, elfu 20, kabla hujaigawa kwa matumizi. Wakala anakata chochote? Kuweka kwa kawaida hukatwi, kutoa ndiko kuna gharama, kwa hiyo panga utoaji wako uwe mara chache. Na daftari liwepo, tarehe, umenunua bei gani, umeuza bei gani, na siku za mbalamwezi ziandike mbalamwezi. Miezi sita ya hivyo inakupa vipato viwili vinavyoonekana badala ya kimoja.

Kuhusu kiasi sasa. Milioni 6 kwa kuanzia mimi ningekukataza hata kama benki wangekubali. Friza moja na mzigo wa kwanza wa sangara na sato havifiki huko, na biashara ya friza ina adui mmoja anaitwa umeme, ukikatika mchana mzima jua la Mwanza likiwaka na huna pa kuhamishia mzigo, mtaji unaanza kunuka mbele ya macho yako. Anza na milioni 2 ukishafika miezi sita kazini na bosi akakuongezea mkataba. Kwa ile riba ya asilimia 17 kwa mwaka kwenye salio, miezi 12, rejesho ni kama 182,000 na riba yote unayolipa kwa mwaka ni kama 189,000. Jiulize swali moja tu kabla ya kusaini, friza isipouza hata kilo moja mwezi huo, mshahara utabeba 182,000 na dawa za mama na kodi na nauli? Kama jibu ni hapana punguza kiasi, usisubiri benki ndiyo ikupunguzie.

Nalisema la riba kwa sababu najua ukikataliwa benki kuna mlango mwingine uko wazi siku zote na ndio unaoniogopesha. Taasisi ndogo zenye leseni ya daraja la pili, yaani zinazokopesha bila kupokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 zimewekewa kikomo cha riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Inasikika ndogo. Milioni 2 ile ile kwa 3.5 kila mwezi ikihesabiwa kwenye mtaji wote mwaka mzima ni riba ya 840,000, linganisha na 189,000. Na hao ndio wa halali! Kausha damu wa mtaani wanaochukua kadi yako ya benki na namba ya siri kama dhamana hao hata hesabu yao huwezi kuiandika, leo umechukua laki mbili, wiki nne baadaye unadaiwa laki tatu na nusu na mshahara ukiingia wanautoa wao. Na zile apu za mikopo za kwenye simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni, yale yanayosoma namba zote kwenye simu yako halafu yanawatumia ujumbe mpaka wakwe. Kabla ya kukopa popote uliza leseni ya Benki Kuu uione kwa macho.

Njia ninayoipenda kwa mtu aliye mahali ulipo wewe ni kikundi. VICOBA au SACCOS haikuulizi ulikuwa wapi 2023, inakuuliza unaweka hisa kila wiki au huweki, na vingi vinakopesha mara mbili mpaka tatu ya ulichoweka. Ukiweka elfu 20 kila wiki kwa miezi sita una kama 520,000, hapo unaweza kufikia milioni 1 au 1.5 bila kumpigia magoti afisa yeyote, na ukirejesha vizuri unakuwa na viongozi wa kikundi wa kukusemea. Tafuta kilichosajiliwa, chenye katiba na sanduku linalofunguliwa mbele ya wote. Halmashauri nazo zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi mwaka uliofuata. Wanakopesha vikundi, kwa hiyo muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako mapema, foleni ni ndefu na mafunzo ni lazima.

Neno kwa wengine mnaosoma ambao bado hamjaacha kazi ila mnaona inakuja. Likizo ya uzazi siyo kuacha kazi, siku 84 au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, mshahara unaingia na rejesho linaendelea, usiogope kuomba mkopo kwa sababu ya mimba. Lakini kama unaacha kabisa na una mkopo, nenda benki kabla ya barua ya kuacha kazi haijafika kwa bosi, omba wapunguze rejesho na kurefusha muda, mwenye mshahara mezani anasikilizwa tofauti na aliyeshakwama miezi mitatu. Soma bima ya mkopo wako, nyingi zinalipa kifo na ulemavu wa kudumu, kuacha kwa hiari hazigusi. Na fao la kukosa ajira la NSSF ni la waliopoteza kazi, aliyeacha mwenyewe kwa hiari halimhusu. Mdogo wangu, wewe hukuambiwa haya 2022 na ndiyo maana ulisuasua.

Basi wiki hii fanya matatu tu, lipa ile 38,000, nenda tawini ukachukue barua ya kumaliza deni, na umwambie mdogo wako kuanzia gunia lijalo hela inapita kwenye namba. Ripoti ikitoka na kuna mstari huuelewi niandikie uniambie imeandikwaje neno kwa neno, nitakusomea. Na mama msalimie, mwambie tunamuombea mkono urudi.